Simu Mkononi, Miguu Barazani



Nimepewa nafasi niseme juu ya simu tulizo nazo mifukoni. Wengi wetu twazitumia kwa salamu na habari za mpira. Si vibaya. Lakini simu hiyo hiyo yaweza kutupa nguvu katika mambo ya mtaa wetu, tukijua kuitumia.

Tazameni mfano wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru. Huko alikuwako chifu Francis Kariuki. Kufika mwaka 2012 alikuwa akiwapasha watu wake habari kwa Twitter, maneno machache tu: mwizi yuko mahali fulani, kondoo amepotea. Wenye simu ndogo walizipata kwa ujumbe wa kawaida. Lakini angalieni sana: simu haikumfukuza mwizi. Majirani ndio waliomfukuza. Simu iliwaamsha tu.

Na sisi je? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 196, inaliamuru Bunge la Kaunti kufanya kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na makadirio ya matumizi hutakiwa kufika katika bunge hilo kabla ya kuisha 30 Aprili. Basi anayetaka maji au taa za njiani aseme mapema. Anayenung'unika katika simu mwezi wa Agosti amefika stesheni gari limekwisha ondoka. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Kwanza, katika kundi letu la WhatsApp tumchague mmoja wa kutafuta tarehe za vikao vya kaunti na kuzitangaza. Pili, kabla ya kikao tupatane juu ya mambo mawili au matatu, yaandikwe, apewe msemaji. Tatu, walio kazini zamu hiyo wasisahauliwe. Walete neno lao kwa simu, lisomwe mbele ya watu. Nne, mwakilishi wa wadi akiahidi jambo, tuliandike siku ile ile pamoja na tarehe, ili tupate kumwuliza tena.

Jambo la mwisho ni zito. Katika siku za fujo za mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, chuki na uongo vilipitishwa hata kwa ujumbe wa simu. Sisi watu wa reli twajua kwamba gari haliondoki mpaka ijulikane kuwa njia ni wazi. Basi habari nayo isiondoke mkononi mwako mpaka umejua imetoka kwa nani, na ni ya siku gani.

Ndugu zangu, maneno ya simu peke yake, mkubwa huyazima kwa kidole kimoja. Watu hamsini walioketi mbele yake na karatasi yao hawazimiki.