Chombo cha kuonyesha njia: tuchague kipi kwa pikipiki zetu?

(Hotuba ya timu yetu ya waendesha pikipiki mbele ya viongozi wa makao ya waliohama, Bunia)



Mmetuita mkiwa na maswali mawili. La kwanza: kwa nini tunataka kununua vyombo vya GPS, wakati kila kijana wa hapa anazijua njia za kwao? La pili lilisemwa kwa sauti ndogo, lakini tulilisikia: je, chombo hicho si cha wapelelezi? Maswali yote mawili ni ya haki. Tutaanza na la kwanza.

Tangu mwisho wa mwaka 2017, kuna vijiji vya Ituri vilivyohama mara mbili, hata mara tatu. Njia zilizokuwa zikifyekwa kila mwaka zimefungwa na majani. Madaraja ya miti yameoza. Kijana anaijua njia, ndiyo, lakini anaijua ile ya zamani, na mzee aliyejua ya kuzunguka bonde pengine yuko kambini mbali, au hayupo tena. Sisi tunaobeba dawa, mbegu na barua za familia tunapita njia za miguu ambazo gari haliwezi. Tukipotea, hatupotei peke yetu.

Tuwaambie kosa letu wenyewe. Mwaka wa kwanza mwenzetu mmoja alipewa namba za kisima: digrii 1 na dakika 30. Yeye akaandika kwenye chombo 1.30. Sasa, digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 30 ni nusu, na alipaswa kuandika 1.5. Tofauti ile ndogo ya kalamu ni kilomita 22 hivi ardhini. Akatokea jioni, giza linaanza, kwenye kijiji kisichomngojea mgeni, na mkononi ana kitu chenye taa. Ninyi mnajua hofu iliyopo. Wazee wakamhoji mpaka usiku, akalala kwa chefu, na asubuhi wakamrudisha njiani. Tunawashukuru hadi leo. Lakini dawa za watoto zilichelewa siku mbili, na chombo hakikuwa na kosa lolote.

Wengine wanatuuliza: simu je? Ni kweli, simu nyingi za leo zina GPS ndani yake, na inafanya kazi hata pasipo mtandao wa simu, mradi ramani umeiweka mapema. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani za OpenStreetMap, na ni za bure. Anayetembea kwa miguu saa mbili tatu, simu inamtosha. Lakini kwenye pikipiki, siku tatu porini, mvua ikipiga, kioo cha simu chenye maji hakisikii kidole, juani hakionekani, na moto wa betri ukiisha hakuna pa kuchaji. Isitoshe, simu ina picha na majina ya watu. Ikichukuliwa njiani, wamechukuliwa wengi.

Basi tukija kwenye chombo chenyewe cha mkononi, jambo la kwanza tunaloangalia ni betri. Tunataka kile kinachotumia betri ndogo za tochi, zile tunazoziita mawe, kwa sababu zinauzwa hata soko la kijijini. Kilichofungwa betri ndani ni kizuri mjini. Lakini mawe nayo yana ugonjwa wake: pikipiki inatikisika, betri inacheza ndani ya nyumba yake, na chombo kinazimika bila wewe kujua. Sisi tunakunja kipande cha karatasi ngumu na kukibana kando yake ili zisicheze. Na mawe ya bei ya chini sana hayamalizi hata siku moja. Ni afadhali yale ya kuchaji, pamoja na kibao kidogo cha jua. Ukiweka ya kuchaji, kiambie chombo kwenye mipangilio, ama sivyo kitakudanganya kuhusu nguvu iliyobaki.

La pili ni vitufe. Mkono wenye matope au glavu unabonyeza kitufe. Kioo cha kugusa unakipapasa tu. Tena usikiangalie ukiwa unaendesha, wala usikining'inize shingoni kwa kamba. Ukianguka, kamba inakukaba. Kibane kwenye usukani kwa kishikizo chake, na kamba ya akiba uifunge hapo hapo.

Maji: tafuta maandishi ya IPX7. Maana yake kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Lakini kile kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la waya kikipasuka, maandishi hayo hayana maana tena. Kiangalieni kila mnaporudi.

Msitu ndio mtihani mkubwa. Ili kujua kilipo, chombo kinahitaji kusikia setilaiti nne kwa uchache, nazo ziko juu karibu kilomita 20,200. Mawimbi yake ni dhaifu. Majani mazito yenye maji huyapunguza, na ukuta wa bonde huyarudisha kama mwangwi. Mahali pa wazi utapata usahihi wa mita tatu hadi tano hivi. Chini ya miti ya Mambasa usishangae ukikosea mita kumi na zaidi. Kwa hiyo chagueni chombo kinachosikiliza pia setilaiti za GLONASS za Warusi au Galileo za Ulaya, siyo GPS ya Marekani peke yake.

Tumelinganisha vitatu vya Garmin, kwa kuwa ndivyo vinavyotufikia kwa urahisi. eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023, kwa maneno ya kiwanda inakaa hadi saa 168 kwa mawe mawili, lakini haionyeshi ramani, ni alama na mstari tu. eTrex 22x ya mwaka 2019 ina ramani, inapokea kadi ya kuongeza nafasi, na wanasema saa 25. GPSMAP 65s ya mwaka 2020 inasikia vizuri zaidi msituni, ila saa zake ni 16 na bei yake ni kubwa zaidi. Sisi tumeamua hivi: 22x kwa waendeshaji wote, na 65s moja kwa timu ya msituni. Vile vya kutuma ujumbe kwa setilaiti tumeviacha. Vinadai malipo ya mfululizo, na vinatuingiza kwenye lile swali lenu la pili, ambalo tunalifikia sasa hivi.

Kabla ya hapo, neno fupi kuhusu namba, maana hapa ndipo watu hupotea kuliko msituni. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Butembo iko kaskazini, Lubero kusini, na safari ya pikipiki kati yao ni ya siku moja tu. Ukisahau kubadili herufi ya kaskazini kuwa ya kusini, namba za Goma zitakupeleka kwenye msitu wa Mambasa, zaidi ya kilomita 370. Na wanaotumia namba za mita, zile za UTM, wajue kwamba mstari wa digrii 30 mashariki unakata barabara ya Komanda kuja Bunia. Komanda iko kanda ya 35, Bunia kanda ya 36. Ukivuka mstari huo, namba ya mashariki inaruka kutoka karibu 834,000 hadi karibu 166,000, na mgeni hudhani chombo kimeharibika. Ndiyo sababu timu yetu yote tunaandika digrii zenye desimali tu, na mfumo wa WGS 84. Kila namba inasomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya safari.

Haya, upelelezi. Chombo cha kawaida cha GPS kinasikiliza tu, kama redio. Hakitumi sauti, hakimwambii mtu yeyote ulipo. Lakini kinakumbuka ulikopita, na hapo wasiwasi wenu una msingi. Mtu akikichukua kizuizini, anaweza kuisoma njia yako yote ya juzi. Kwa hiyo tuna desturi. Tunafuta njia kila jioni baada ya kunakili yale tuliyokubaliana na kijiji. Hatuweki alama mahali familia zinapojificha, wala nyumba ya mtu, wala kambi ya wenye silaha wa upande wowote. Visima, vituo vya afya, madaraja na shule, hivyo ndivyo tunavyoandika, na tunamwonyesha chefu kioo kabla hatujaondoka. Kwenye kizuizi tunakitoa wenyewe pamoja na barua ya kazi; kikigunduliwa mfukoni, maneno ni mengi. Na pahali tunapoambiwa tukizime, tunakizima.

Tusikitegemee kupita kiasi pia. Mwaka 2024, katika mapigano ya Kivu ya Kaskazini, ilitangazwa kwenye Umoja wa Mataifa kwamba mawimbi ya GPS yanavurugwa. Dira ya kawaida na karatasi yenye majina ya vijiji tunazibeba bado.

Kuna ombi moja ambalo tumelikataa, na tunajua limewaudhi baadhi yenu. Familia mbili, moja iliyorudi na moja iliyobaki, zilitaka chombo kiamue mpaka wa shamba. Walisema mashine haina kabila wala haili rushwa. Ni kweli. Lakini tumesema inakosea mita tatu hadi tano, na shamba la mihogo linalogombaniwa lilikuwa na upana wa mita nne. Leo ingempa huyu, kesho ingempa yule. Tungekuwa tumewasha moto kwa kutumia namba. Wale wazee wanaojua mimea ya mpaka iliyopandwa na mababu, na majirani wa pande zote mbili, ndio wa kuitwa. Wakishakubaliana wote na kusimika alama, tuko tayari kuja kuandika namba zake iwe kumbukumbu. Hatutatangulia.

Fedha ya vyombo vitano ipo. Kabla hatujanunua, tunaomba kila kamati itupe watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, watembee nasi Jumamosi mpaka kisima cha chini, na chombo tulicho nacho mikononi mwao. Tutaondoka saa moja asubuhi. Wenye orodha ya visima waje nayo.