Mlango wa Pikapu ya Kikundi: Tusipake Rangi Juu ya Kutu
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Mukurweini)



Leo twazungumza juu ya mlango wa gari. Pikapu ya Peugeot 504 sote twaijua. Imebeba kahawa, maziwa na watu wa soko la Karatina miaka na miaka. Gari za 504 zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na ziliunganishwa hapa Kenya mpaka 2004. Mpya hakuna tena. Kikundi chenye moja ni lazima kiitunze.

Mbona mlango huoza upande wa chini? Maji ya mvua huteremka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango. Hiyo si ajabu, kwani chini kuna matundu madogo ya kuyatoa. Lakini udongo wetu mwekundu ukiyaziba, maji hukaa humo kama kwenye sufuria, na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imefura, jua ndani kumeharibika zamani.

Hapo ndipo mtu hutuambia, "Pigeni fila, pakeni rangi, mambo yaishe." Fila ni ya kusawazisha bati, sio ya kuziba shimo. Kutu huendelea chini yake, na pesa za wanachama hulipwa mara mbili. Tena kutu ikifika penye bawaba au kitasa, mlango waweza kufunguka kwenye miteremko yetu, na mtu aanguke.

Kazi ya haki huenda hivi:

Kwanza, fundi atoe kioo, kitasa na kitambaa cha ndani kabla ya moto kukaribia.

Pili, bati la nje limekunjwa kuzunguka fremu kama pindo la nguo. Asage pindo hilo kwa grinda, kisha abandue bati. Asilitupe, kwa maana ndilo kipimo cha jipya.

Tatu, fremu isuguliwe mpaka chuma king'are. Palipooza pakatwe, pachomelewe kipande kipya, kisha papakwe rangi ya kuzuia kutu.

Nne, bati jipya liwe la chuma, kama geji 20. Mabati ya nyumba hayafai. Kumbukeni, namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Tena yale ya nyumba yana zinki, na moshi wake ukichomelewa hudhuru fundi.

Tano, pindo ligongwe polepole, kidogo kidogo, likizungushwa mlango mzima. Kabla ya kuchomelea kabisa, mlango ujaribiwe kwenye gari kama wafunga sawasawa. Kuchomelea kuwe vipande vifupi, bati lipoe katikati, maana joto likizidi bati hujikunja.

Sasa ni zamu ya kikundi. Tumeona ni vizuri malipo yagawanywe mara tatu. Ya kwanza ni ya vifaa. Ya pili, wanachama wawili wakishaona bati likiwa tupu, kabla ya rangi. Ya mwisho, baada ya kumwaga maji juu ya kioo na kuyaona yakitoka chini. Mkinunua gari lililotengenezwa tayari, chukueni sumaku iliyofungwa kitambaa mwipitishe mlangoni. Mahali isiposhika, pana fila nene.

Hatuwafichi, kazi hii ni ghali kuliko fila. Fundi mzuri wa jua kali ataitumia siku kadhaa, naye astahili kulipwa. Lakini kuyazibua matundu kwa kijiti kila mwezi wakati wa mvua hakuna gharama, na mtoto yeyote aweza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuuzibe ufa kwa bati, sio kwa rangi.