Kuzaliwa kwa Sakafu ya Bahari: Hoja na Dalili kutoka Bahari ya Hindi

Mada iliyotolewa katika semina ya walimu wa Jiografia wa shule za sekondari



1. Madhumuni

Madhumuni ya mada hii ni kueleza namna sakafu mpya ya bahari inavyofanyika mahali ambapo mabamba ya ganda la dunia huachana, na kuthibitisha kwamba somo hili, ambalo aghalabu tunalifundisha kwa michoro ya Atlantiki peke yake, lina dalili zilizo bora katika Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo bahari ya wanafunzi wetu. Ni rahisi mtu kudhani kuwa bahari ni kongwe kuliko nchi kavu. Walakini katika nchi kavu imo miamba yenye umri unaokaribia miaka bilioni 4, ilhali sakafu ya bahari kuu, isipokuwa vipande vichache, haijapita miaka milioni 200. Sababu yake ni kwamba sakafu hiyo huzaliwa mahali pamoja, ikasafiri, na mwishowe ikamezwa mahali pengine.

2. Namna inavyozaliwa

Chini ya bahari zote za dunia imepita safu ya milima iliyoungana, yenye urefu wa kilomita 65,000 hivi, na kilele chake kwa kawaida kiko mita 2,500 chini ya uso wa maji. Katika mgongo wa safu hiyo mabamba mawili huachana kwa mwendo wa sentimita chache kila mwaka. Mwamba ulio chini ya ganda, ijapokuwa una joto la zaidi ya digrii 1,300 za Selsiasi, hubaki mgumu kwa kuwa umebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Lakini mabamba yanapoachana, mwamba huo hupanda polepole kuijaza nafasi, na kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo unavyopungua, hata sehemu yake ndogo ikayeyuka pasipo kuongezewa joto lolote. Nawasihi walimu walikazie jambo hili, kwani mwanafunzi asiyelifahamu ataamini kwamba pana tanuri linalochochewa chini ya bahari, na kwa hiyo hatajua kwa nini magma hutokea hapo na si kwingineko.

Magma hiyo, kwa wepesi wake, hupenya kwenda juu: nyingine hupoa taratibu kilomita kadhaa chini ya sakafu, nyingine huganda wima ndani ya nyufa, na ile inayofika juu hukutana na maji baridi ikaganda papo hapo kwa mafungu ya mviringo ya basalti. Hivyo hupatikana ganda jipya lenye unene wa kilomita 6 hadi 7, ambalo hugawanyika na kuchukuliwa pande zote mbili. Na kadiri linavyokwenda mbali hupoa, hujikunyata na kudidimia, ndiyo maana mabonde mapana ya bahari kuu yana kina cha mita 4,000 hadi 6,000.

3. Burhani ya jambo hili

Mwaka 1962 Harry Hess, mwanazuoni wa Marekani, alichapisha rai kwamba sakafu za bahari hutanuka; lakini rai bila ya burhani haimlazimu mtu kuamini. Mwishoni mwa mwaka huo huo Drummond Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwamo katika meli ya Kiingereza Owen, iliyopima sumaku ya sehemu ya safu ya Carlsberg, ambayo hupita katika Bahari ya Hindi upande wa kaskazini-mashariki ya Shelisheli. Basalti inapopoa huhifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule, na sumaku hiyo imepinduka mara nyingi, mara ya mwisho ikiwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Kutokana na vipimo hivyo, Matthews na mwanafunzi wake Fred Vine walitangaza mwezi wa Septemba 1963 kwamba, ikiwa sakafu hutanuka, basi sharti iwe na milia ya sumaku iliyo sawa na iliyopinduka, ikifuatana kutoka kwenye mgongo. Vipimo vya meli Eltanin kusini mwa Pasifiki, vilivyotangazwa mwaka 1966, vikaonyesha milia ya upande mmoja ikilingana na ya upande wa pili mfano wa uso na taswira yake kiooni. Na kati ya mwaka 1968 na 1969 meli Glomar Challenger ikatoboa sakafu ya Atlantiki ya Kusini, ikadhihirika kwamba umri wake huongezeka kadiri mtu anavyouacha mgongo.

4. Bahari iliyo mbele yetu

Safu hiyo ya Carlsberg huendelea, baada ya kukatwa na kusogezwa kando, mpaka ndani ya Ghuba ya Aden, ambako Afrika na Bara Arabu huachana kwa karibu sentimita 2 kila mwaka. Kila jahazi lililotoka Lamu au Unguja likaenda Maskati kwa pepo za kusi lilipita juu ya mpaka huo, nahodha wake asiweze kujua kwamba chini ya mkuku wake sakafu mpya inafanyika. Magharibi zaidi, katika nchi ya Afar huko Ethiopia, mwezi wa Septemba 2005 ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine ikaachana kufikia mita 8, magma ikapenya ndani ya ufa huo. Basi jambo ambalo kwa desturi hufichwa na maji lilitokea nchi kavu, likapimwa. Na sakafu ya kina kirefu iliyo baina ya pwani yetu na Madagaska ilizaliwa vivyo hivyo, kisiwa hicho kilipobanduka na kwenda kusini, mpaka utanukaji ukakoma huko miaka milioni 120 hivi iliyopita.

5. Mapendekezo

Napendekeza, kwanza, somo hili lianze kwa ramani ya Bahari ya Hindi, kisha ndipo Atlantiki ifuate. Pili, wanafunzi wafanye hesabu wenyewe, kwamba sentimita 2 kwa mwaka ni kilomita 20 katika miaka milioni moja, wapate kuona jinsi mwendo mdogo uzaavyo bahari. Tatu, kuzaliwa kwa sakafu kusitenganishwe na kumezwa kwake: tarehe 26 Desemba 2004 sakafu kongwe ya Bahari ya Hindi, inayozama chini ya Sumatra, iliteleza ghafla, na mawimbi yaliyotokea yakaua watu hata Somalia na Tanzania. Elimu ya sakafu ya bahari, basi, ni haki ya mtoto wa pwani kama ilivyo elimu ya pepo na maji, na wajibu wa kumpa haki hiyo ni wetu sisi walimu.