Kizuri Nacho Hutembezwa



Nimeombwa niseme machache juu ya vijana wetu wa Houston na Dallas–Fort Worth wanaocheza futiboli ya Kimarekani. Sina budi kuanza kwa kuungama kosa. Mwaka 2012 kijana wangu alikuwa akimaliza sekondari: mwepesi wa mbio, mfupi wa kimo, katika timu iliyoshindwa karibu kila Ijumaa. Mimi, niliyezoea ofisi za serikali ambako barua hufika kwa njia rasmi, nilimwambia asubiri, kwani kizuri chajiuza. Barua haikuja. Aliacha mpira, na chuo hakutaka hata kukisikia. Shahada aliipata akiwa na miaka 27, kwa fedha zake mwenyewe.

Baadaye nilijifunza habari za Darrell Green, mtoto wa Houston, aliyesoma Jesse H. Jones High School. Naye alikuwa mfupi. Alikwenda Texas A&I, Kingsville, chuo cha Daraja la Pili. Mwaka 1983 timu ya Washington ilimchagua akiwa wa 28. Alicheza misimu 20, na mwaka 2008 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa.

Si kila mtoto ni Green, na shabaha yetu ni shahada, si mpira wa kulipwa. Siku hizi vyuo vikubwa hupenda wachezaji waliokomaa wanaohama kutoka vyuo vingine, hivyo vijana wa sekondari husukumwa chini. Hapo ndipo makocha wa vyuo vidogo huokota: aliyechelewa kukua, aliyekaa akiba katika shule kubwa, aliyeumia mwaka wa tatu.

Lakini fedha zao ni chache. Timu ya Daraja la Pili ina ufadhili unaolingana na nafasi 36 kamili tu, nao hugawanywa vipande vipande. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo hata senti. Husaidia kwa alama za darasani na kwa uhitaji wa familia. Texas Wesleyan ya Fort Worth, iliyorudisha futiboli mwaka 2017, imo katika chama kingine, NAIA. Kwa hiyo, jamaa zangu, daftari hutangulia mpira.

Mwaka wa tatu usipite bure. Kijana atayarishe video ya dakika chache, mchezo bora ukitangulia. Ataje alama zake, kimo na uzito bila kuongeza. Amwandikie kocha kwa mkono wake, si wa baba yake. Wala msimlipe mtu anayeahidi nafasi.

Nanyi mnaoishi karibu na vyuo hivyo, wapokeeni vijana wakija kutembelea. Mwanangu yule ndiye sasa hushika kamera kila Ijumaa usiku, akiwapiga picha wapwa zake. Mimi huandika anwani za makocha, ukarani haujanitoka.