Kifua Kisichosikia Dawa: Magonjwa ya Asbesto na Madaftari ya Njombe



Mhadhara huu una mchokozi wake. Katika kikao cha wataalamu wa afya, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema asbesto si tatizo la nyanda hizi za Njombe. "Nionesheni mgonjwa mmoja kwenye madaftari yetu ya wagonjwa," alisema, akaketi. Akapigiwa makofi. Leo namjibu bila haraka.

Mnayoyajua nitayapitia upesi. Asbesto ni madini ya nyuzi nyuzi. Yalichanganywa na saruji kupata mabati ya kuezekea na mabomba ya maji, yakatumika na kwenye breki kwa kuwa hayaungui. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limekwisha kuamua kwamba aina zake zote huleta saratani. 

Turudi kwenye daftari. Daftari huandika kilichotafutwa. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliikuta Njombe ikiongoza nchini Tanzania kwa maambukizi ya VVU, asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Mahali kama hapo, mtu akikohoa na kukonda, daktari hufikiria TB, na mara nyingi hakosei. Lakini kikohozi kikavu kisichokoma, pumzi kukatika mtu apandapo kilima, maumivu ya kifua, maji kujaa kifuani, ncha za vidole kuvimba na uzito kupungua vyaweza pia kuwa dalili za asbestosisi, yaani makovu ndani ya mapafu; au za saratani ya mapafu; au za mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka.

Kisha kuna muda. Mesothelioma kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Kijana aliyekuwa akipuliza vumbi la breki za malori pale Makambako, njia panda ya Songea, mwaka 1985, leo huenda analima viazi. Akiugua, faili lake litaandikwa "mkulima". Mwenzangu atalisoma faili hilo na kuridhika.

Hapa niruhusuni nikae kidogo na andiko nilipendalo kuliko yote, la watafiti Wagner, Sleggs na Marchand, lililochapishwa mwaka 1960. Sleggs alikuwa daktari wa hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley, Afrika Kusini. Aligundua jambo la ajabu: wagonjwa wenye maradhi ya utando wa mapafu waliotoka mashariki ya mji walipona kwa dawa za TB, ila waliotoka magharibi hawakupona. Magharibi kulikuwa na migodi ya asbesto ya bluu. Watafiti hao watatu walikusanya wagonjwa 33 wa mesothelioma, wanaume 22 na wanawake 11, wa umri wa miaka 31 hadi 68. Wote isipokuwa mmoja walielekea kuwa wamewahi kukutana na asbesto hiyo. Na si wote waliochimba: wengine walikuwa wameishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto. Tazameni basi: hata Kimberley, walikofika wagonjwa wa upande wa migodi yenyewe, ugonjwa ulijificha chini ya jina la TB mpaka mtu mmoja alipojali wagonjwa wake wametoka wapi.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa kuezeka. Alikata mabati ya asbesto kwa msumeno, vumbi jeupe likimjaa kichwani, na mkewe akazikung'uta nguo zake jioni. Uzeeni pumzi zilimwishia. Alimeza dawa za TB kwa awamu mbili, kifua hakikusikia. Sisemi ni asbesto iliyomuua. Nasema hakuna aliyemuuliza aliwahi kufanya kazi gani.

Nipime kwa haki. Ni kweli aina nyeupe ya asbesto haidumu mapafuni kama ya bluu, na visa vya mesothelioma itokanayo nayo ni vichache zaidi. Lakini vichache si sifuri. Ni kweli paa zima lililotulia halitoi vumbi la kutisha. Hatari huja linapokatwa, linapotobolewa, linapovunjwa na kufagiliwa likiwa kavu. Ni kweli pia TB ni ya kawaida zaidi kwa mbali, kwa hiyo makohozi yapimwe kwanza. Yote nayakubali, na bado nasimama palepale: kabla ya mashine yoyote, chombo cha kwanza cha kuugundua ugonjwa huu ni swali.

Makovu ya asbesto hayafutiki kwa dawa. Lakini anayejua alivuta vumbi hilo ataacha sigara, maana sigara na asbesto vikikutana huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu. Na fidia ya mfanyakazi haipatikani kwa ugonjwa ambao haujaandikwa.

Waganga wa Njombe na Makambako, kwenye kila faili la kifua kisichosikia dawa ongezeni mstari mmoja: kazi zote alizofanya mgonjwa, na mahali alipokulia. Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa. Kama uliwahi kukata mabati hayo, kupuliza breki au kufua nguo za aliyezifanya kazi hizo, mwambie daktari siku ya kwanza.