Mwalimu Hayupo? Fungueni Darasa Wenyewe

(Mazungumzo niliyotoa Jumapili kijiweni kwetu Manzese. Mhariri ameomba niyaandike kama nilivyoyasema.)



Kwanza niseme ukweli wangu ili asije mtu akanisuta barabarani. Mimi si mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne. Kalamu hii ninaiendesha kwa kuuza habari moja moja, leo nakula, kesho nalala na chai kavu. Lakini kusoma hakuulizi cheti, na nilichokisoma ndicho ninachotaka tugawane hapa: habari za vijana weusi wa Marekani waliosomea sheria, jinsi walivyounda chama chao, na jinsi tawi lao moja lilivyokisumbua chuo chenye fedha kuliko serikali nyingi za Afrika.

Tuanze na mpeleka barua. Naam, mtu wa posta. Heman Sweatt alikuwa akigawa barua katika mji wa Houston. Mwaka 1946 akaomba nafasi ya kusoma sheria Chuo Kikuu cha Texas. Sifa anazo, rangi hana. Wakamkatalia. Akaenda mahakamani, na wakubwa wa Texas wakaona bora wamjengee mtu mweusi shule yake ya pembeni kuliko kumwingiza darasani na wazungu. Wakakodi vyumba vya chini ya jengo moja mjini Austin, wakasema haya, shule yako hiyo. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall. Mwaka 1950 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba hiyo si haki, afunguliwe mlango.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopiga makofi na kuondoka. Subirini kwanza. Sweatt aliingia, lakini hakumaliza. Baada ya miaka miwili hivi aliondoka bila shahada. Afya ilikuwa imezorota, na ndoa imevunjika. Aliushinda mlango, akashindwa na magumu ya ndani.

Huyo Marshall, kwa taarifa yenu, si mgeni kwetu. Mwaka 1960 alikwenda London, Lancaster House, akawasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za raia, baada ya kuombwa na Tom Mboya. Mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Marekani. Mtu mmoja akapanda juu kabisa, huku chini vyuo vya sheria vikiwa bado na wanafunzi weusi wa kuhesabu.

Mwaka uliofuata, 1968, ndio mwaka Martin Luther King alipopigwa risasi mjini Memphis. Miji ikawaka moto. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha New York, kijana kutoka Alabama aitwaye Algernon Cooper, rafiki zake wakimwita A.J., aliwakusanya wenzake wakaanzisha chama cha wanafunzi weusi wa sheria. Kwa kifupi cha Kiingereza kiliitwa BALSA. Haikuchukua muda kila chuo kikataka tawi lake. Leo wana matawi zaidi ya 200. Mwaka 1983 waliliondoa neno "American" katika jina lao, ili mweusi yeyote, hata aliyetoka huku kwetu na pasipoti yake, awe mwanachama kamili. Cooper mwenyewe alichaguliwa kuwa meya wa mji wa Prichard, Alabama, mwaka 1972.

Mtaniuliza: tawi linafanya nini? Si vikao na mihuri tu? Swali zuri, maana sisi vyama vya mihuri tunavijua. Mtu anagombea ukatibu miezi sita, akiupata anapiga picha ameshika faili, basi.

Ngoja niwaeleze shule ya sheria ya Marekani inavyoendeshwa. Mwalimu haandiki ubaoni ukanakili. Anakunyooshea kidole katikati ya watu mia, anakuuliza kesi uliyopewa kusoma jana, na akikubana anaendelea kukubana. Mtihani katika masomo mengi ni mmoja tu, mwisho wa muhula. Ukianguka huo, umeanguka. Kwa hiyo mwenye kaka aliyepita pale, au baba wakili, anayo madaftari ya muhtasari na mitihani ya zamani. Mtoto wa mpeleka barua hana. Tawi kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo: kuwa kaka wa asiye na kaka. Wa mwaka wa tatu anampa wa mwaka wa kwanza muhtasari, wanakaa usiku wanaulizana maswali kama mwalimu anavyouliza. Halafu yakaja mashindano ya kuigiza kesi, waliyoyapa jina la Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkubwa. Hakuna mihuri hapo. Kuna karatasi na usingizi uliokatwa.

Sasa twende Harvard.

Alikuwapo pale mwalimu mweusi, Derrick Bell. Aliajiriwa mwaka 1969 baada ya wanafunzi kusukuma, na mwaka 1971 akawa mweusi wa kwanza kupewa uprofesa wa kudumu katika kitivo hicho. Alifundisha somo la rangi na sheria, na kitabu chake ameandika mwenyewe. Mwaka 1980 akakubali ukuu wa kitivo cha sheria Oregon. Somo likabaki yatima. Wanafunzi wakasema: leteni mwalimu mwingine mweusi wa kudumu. Wakubwa wakajibu kwamba wenye sifa hawaonekani, badala yake wakaleta kozi fupi ya Januari 1983, ya wiki tatu, itakayofundishwa na mawakili wawili wageni, Julius Chambers mweusi na Jack Greenberg mzungu.

Tawi likagoma. Mwenyekiti wake aliitwa Muhammad Kenyatta. Hamjasikia vibaya. Ni Mmarekani aliyelikacha jina la kuzaliwa akachukua hilo, na kabla ya kuingia chuoni alikuwa mpiganaji wa haki za weusi kule Mississippi, hadi FBI wakamtumia barua ya kughushi ya vitisho ili aondoke. Alikuwa mtu mzima kati ya watoto, na woga wake ulikuwa umeisha zamani.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mgomo ule haukuwa mwepesi kama unavyosimuliwa. Greenberg hakuwa mzungu wa kuokotwa. Alisimama mahakamani upande wa weusi katika kesi ya shule ya mwaka 1954, na akamrithi Marshall kuongoza ofisi yake ya mawakili. Weusi wengi wenye heshima waliwalaumu vijana wale magazetini, wakasema huo nao ni ubaguzi. Mimi nadhani lawama ile ilikuwa na chembe ya kweli. Ukimgomea mtu aliyekupigania, uwe na hoja kubwa kuliko rangi yake. Hoja walikuwa nayo, yaani ajira za kudumu, lakini waliiacha ifunikwe na jina la mtu mmoja.

Kilichowaokoa ni walichofanya baada ya kugoma. Hawakwenda kulala. Muhula uliofuata wa 1983 walifungua darasa lao. Wakachukua kitabu cha Bell, wakakigawa sura kwa sura, na kila wiki wakaalika mwalimu wa sheria asiye mzungu kutoka chuo kingine aje afundishe sura moja. Umeona ujanja huo? Wakubwa walisema wenye sifa hawaonekani. Vijana wakawaonyesha, kila wiki mmoja, palepale chuoni. Mmoja wa wanafunzi waliokuwa katika harakati hizo ni Kimberlé Crenshaw, ambaye leo nadharia zake zinafundishwa dunia nzima.

Bell alirudi Harvard baadaye. Mwaka 1990 akatangaza kwamba hatapokea mshahara mpaka aajiriwe kwa kudumu mwanamke mweusi. Katika mkutano wa kumuunga mkono alisimama mwanafunzi mwembamba, mtoto wa Mjaluo, Barack Obama. Mnajua alikofikia. Harvard ilimfuta Bell kazi mwaka 1992, na mwanamke mweusi wa kwanza mwenye uprofesa wa kudumu, Lani Guinier, aliajiriwa mwaka 1998. Bell alifundisha New York, chuo kilekile cha A.J. Cooper, hadi alipofariki mwaka 2011.

Wala msidhani wameshafika. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kuhesabu rangi katika kuchagua wanafunzi. Mwaka uliofuata, weusi walioingia mwaka wa kwanza wa sheria Harvard walikuwa 19, kutoka 43 mwaka mmoja kabla. Tawi likarudi kwenye kazi ya A.J.: kutafuta, kushika mkono, kugawa madaftari.

Kwa nini nimewachosha na Marekani wakati jua la Manzese linawaka? Kwa sababu ya hesabu. Shule niliyosoma mimi, sitaitaja jina, ilikaa bila mwalimu wa hesabu kidato cha tatu na cha nne. Miaka miwili. Tulikuwa darasani zaidi ya arobaini. Tulimtukana mkuu wa shule, tukaitukana serikali, tukacheza bao chini ya mwembe mpaka kengele. Mtihani ulipotoka, karibu sote tulipata F. Na tulikuwa na kijana mmoja, kaka yake yupo chuo, mwenye vitabu vyote. Hakuna aliyemwambia: kaa mbele utufundishe sura ya kwanza. Mimi pia sikumwambia. Nilimcheka kwa kubeba mabegi mawili.

Hapa kijiweni tunakamatwa kwa uzururaji, tunalipishwa dhamana isiyolipiwa, tunasaini karatasi tusizozisoma, halafu usiku tunasimuliana kama sinema. Kitivo cha kwanza cha chuo kikuu nchini, mwaka 1961, kilikuwa cha sheria, na kilianzia hapo Mtaa wa Lumumba. Mwendo wa daladala moja! Nimezungumza na dada mmoja wa mwaka wa tatu. Amekubali kuja Jumapili ijayo, saa kumi, na sura moja tu: polisi anapokushika, anaruhusiwa nini na wewe unaruhusiwa nini. Hataki posho. Amesema anahitaji benchi, na watu wasiopungua kumi wenye daftari.

Benchi ninalo. Nani ana daftari?