Stima na tabianchi: ni kazi ya nani?

Hii ni hotuba yangu fupi ya jana usiku, nimeikata vipande. Someni hadi mwisho kabla hamjanijibu.

1. Wenzangu, siasa ikichemka mnasikia: "Hiyo ni kazi ya kaunti." Mwingine anajibu: "La, ni ya serikali kuu." Transfoma ya kijijini kwetu ilipoungua, tulizungushwa ofisi mbili, wiki tatu gizani. Kila ofisi ilikuwa na sheria ya kutuonyesha.

2. Kabla ya kutupiana lawama, tuangalie Kanada. Kule majimbo ndiyo yanayosimamia mafuta, gesi na uzalishaji wa umeme. Lakini moshi haujui mpaka. 2018 bunge la shirikisho likapitisha sheria: kila jimbo litoze bei ya kaboni isiyopungua kiwango cha taifa. Likikataa, serikali kuu inaingia kutoza yenyewe.

3. Saskatchewan, Ontario na Alberta wakaenda kortini. Hawakusema tabianchi ni uongo. Walisema: hiyo ni kazi yetu, msituingilie. Tarehe 25 Machi 2021 Mahakama ya Juu ikaipitisha sheria, majaji 6 kati ya 9. Sababu? Jimbo moja likilegea, wengine wote wanaumia. Tena serikali kuu iliweka kiwango cha chini tu. Jimbo liko huru kuchagua njia yake.

4. Kwa hivyo serikali kuu ilishinda? Kortini, ndio. Kwenye pampu, hapana. Sehemu kubwa ya pesa ilirudishwa kwa familia, lakini watu waliona bei ya petroli kuliko walivyoona marejesho. Tarehe 1 Aprili 2025 ada ya mafuta kwa mwananchi ikaondolewa. Viwanda vikubwa bado vinalipa.

5. Sasa turudi nyumbani. Kenya si shirikisho, lakini fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Usambazaji wa umeme na gesi, pamoja na udhibiti wa nishati, umeandikwa upande wa serikali kuu NA upande wa kaunti. Kazi ile ile, mara mbili! Ndiyo maana kila mmoja ana mahali pa kujificha.

6. Sheria ya Nishati ya 2019 ilijaribu kugawa majukumu, na inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa nishati. Sheria ya Tabianchi ya 2016 nayo inaitaka kaunti iingize tabianchi kwenye mipango yake ya maendeleo. Hakuna gavana wa kusema hayamhusu, na hakuna waziri wa kusema amemaliza.

7. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "si kazi yangu", muulize: sehemu gani si yako? Ni ya nani? Na pesa zake ziko kwa bajeti ipi?

Kama umewahi kuuona mpango wa nishati wa kaunti yako, uweke hapa chini tuusome pamoja. Kama hujauona, anza kwa kuuomba.